Mteja Aliyeleta Shingo

Tangu kinyozi atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, kiti chake alikuwa akikikalia mwenyewe. Watu walimsalimu kwa mbali, tena kwa uchangamfu uliozidi, halafu wakaenda kunyolewa mtaa wa pili. Kabla ya kulazwa alikaa siku nyingi bila usingizi, akisikia mashine ya kunyolea ikimsema. Mchana mmoja akafunga mlango kwa ndani, akamsihi mteja asitoke, eti nje kuna watu wanataka kuwaua wote wawili. Mteja akatoroka kupitia dirisha la nyuma, shuka la kinyozi likipepea shingoni. Mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo.

Kwa hiyo alipoingia mtu wa miraba minne, akajitupa kitini na kusema, "Ndevu zote, kaka. Kwa wembe," kinyozi alishtuka.

Alikuwa dereva wa lori la mchanga, wenzake wakimwita Bonge. Aliinua kidevu, akafumba macho. Kinyozi alimnyoa huku akimchungulia kwenye kioo. Mtu gani anajua habari zake halafu anamletea koo? Na kama hajui, mbona anamwongelesha taratibu hivyo, kama anayembembeleza paka atoke chini ya kabati?

Bonge alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Siku moja akauliza, "Dawa hazikukaushi mdomo?"

Wembe ukasimama hewani. "Dawa gani?"

"Zangu zilinikausha mpaka ulimi ukawa kama gunzi. Nililazwa pale pale, ndugu yangu. Sasa sisi tuliopitia hayo tunakutana Alhamisi jioni, ukumbi wa nyuma ya zahanati. Hakuna daktari. Tunazungumza tu."

Yeyote anaweza kusema hivyo, kinyozi akawaza. Akamtega. "Wodi ya wanaume, mlango wa bafu ukoje?"

"Hauna komeo. Unaoga huku umeuzuia kwa mguu."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomzidishia wasiwasi. Mtu aliyeandaliwa vizuri hivi, kaandaliwa na nani?

"Nani amekutuma?"

Bonge akafumbua macho. "Dada yako."

Kinyozi akamvua shuka, akamwonyesha mlango. Bonge akatoka na povu shavu moja.

Dada mtu alikuwa uani akianua nguo. "Unanipeleleza?" kinyozi akamvaa. "Unangoja niteleze unirudishe kule?"

"Nilimwomba, ndiyo," dada akasema, nguo zikiwa zimemjaa mikononi. "Nikikuuliza umelalaje, unanitazama kama askari. Nikinyamaza, naogopa. Nifanyeje, mdogo wangu?"

Kinyozi akampa mgongo. Aliondoka bila kuaga.

Alhamisi alikwenda nyuma ya zahanati, lakini si kuingia. Alijibanza chini ya dirisha awanase wakimsema. Akamsikia mama mmoja, muuza vitambaa, akilalamika: "Nikicheka sana nyumbani, wanauliza kama nimemeza dawa!" Ukumbi ukaangua kicheko. Baadaye mtu akalia, na hakuna aliyemkimbilia kumnyamazisha. Habari za kinyozi hazikuguswa. Alingoja mpaka akaanza kuudhika: hata kumsengenya hawataki!

Bonge alitoka kupunga hewa, akamkuta. "Unaweza kuingia. Unaweza pia kubaki hapo hapo."

"Nikisema kitu, dada atapelekewa?"

"Juzi aliniuliza habari zako. Nikamwambia akuulize mwenyewe."

Kinyozi akaingia, akachagua kiti cha karibu na mlango. Wiki kadhaa alikaa kimya, akimkagua kila anayeongea, nani anamtazama sana, nani hamtazami kabisa. Siku aliyofungua mdomo, sauti ilimtoka ikikwaruza.

"Wateja siwaogopi. Nauogopa mkono wangu."

Muuza vitambaa akaitikia kwa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa siwezi kumwogesha mwanangu. Nilimwachia mama mkwe, nikasingizia mgongo."

Hakuna aliyemwambia ajikaze.

Wateja wa zamani walirudi wachache, wengine hawakurudi kabisa. Bonge alipokuja, kinyozi aliendelea kumchungulia kwenye kioo, ila alimnyoa mpaka mwisho. Na dada akaanza kupita mwenyewe, akavuta benchi na kuuliza, "Umelalaje?" Siku nyingine alijibiwa kwa mkato. Siku nyingine kinyozi alisema, "Vibaya," akaketi kando yake, wakakaa hapo mpaka mteja alipoingia.