Nyasi za Kuangalia

Juzi mbuzi wa jirani aliingia bustani yangu, ambayo Isiolo nzima inaijua, nikamkataza mlinzi kumfukuza.

Nilikumbuka ile ngome ya zamani Mombasa, baba aliponipeleka kwa lori nikiwa mtoto. Mizinga sikuijali. Katika bustani yake nilinusa majani yaliyolowa, nikaona maua makubwa kama sahani, na hakuna mbuzi hata mmoja. Kwetu Merti kulikuwa na ukame, na mbuzi wa mama hakuweza kusimama.

“Baba, wanyama wa watu wa hapa walikufa wote?”

“Aa-aa, kijana yangu. Hii yote ni ya kuangalia tu.”

Nililia. Mtunza bustani akanijazia gunia nyasi alizokata.

Leo malori yangu yanafika mpaka Moyale, lakini hayajawahi kuleta mzigo uliopokelewa kama lile gunia. Mama alipolifungua, mbuzi aliinua kichwa, akala, kisha akasimama.