Kilomita 412 na Samaki Wanne

Umbali wa angani kati ya Tasirjuaq na Nuvuttaq, vijiji viwili vya kaskazini ya mbali yenye barafu, jambo zito lililowashughulisha wachora ramani, marubani na wabunge, unapimwa upya leo, mwezi wa Januari, saa tatu kamili asubuhi, kwa mizani ya kupimia nyama.

"Panda, Mzee Joamie. Na hiyo fimbo pia."

"Fimbo haina uzito, binti yangu. Imezeeka kama mimi."

Geela Nauyuq, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anaandika bila kucheka. Nje ni giza. Jua liliaga Novemba, na huku halijachomoza tena. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa wakala wa uwanja huu mdogo wa ndege: anapima abiria, anapakia mizigo, anakwangua barafu, anawatuliza waliokwama tangu Jumanne.

Barabara ya kwenda Nuvuttaq hakuna. Kwa ndege ni kilomita 412.

"Lakini rubani habebi mafuta ya kilomita 412," anasema, akisugua macho. "Anabeba ya kwenda, ya kuzungukazunguka akitafuta mwanya kwenye ukungu, na ya kurudi asipouona. Upepo ukiwa wa mbele, anaongeza. Akiongeza mafuta, mtu anabaki. Anayebaki ni mimi."

Wakala husafiri bure, ikibaki nafasi. Katika miezi kumi na minne Geela amejishusha ndegeni mara saba, kwa hesabu za mkono wake mwenyewe.

Huko Nuvuttaq yuko mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Mtoto alipewa jina la Maata, marehemu mama yake Geela, na kwa desturi Geela humwita mama.

"Nampigia simu, 'Shikamoo, mama.' Ananijibu kwa kucheua."

Amemshonea viatu vya ngozi ya sili, jozi tatu. Mbili zimekuwa ndogo kabla hazijasafiri. Kumpa mtu apeleke hataki. "Mama alinivisha vya kwanza kwa mikono yake. Nami nitamvisha kwa mikono yangu."

Jozi ya tatu imo mfukoni. Anajumlisha, anajumlisha tena. Kilo kumi na moja zimezidi.

"Basi," anasema taratibu, na kushusha begi lake begani.

"Ngoja, binti yangu," anasema Mzee Joamie. "Mbona koti la mwandishi linatoka maji?"

Chumba kina joto. Mwandishi wa makala haya, mwanafunzi wa bweni na abiria wa ndege hiyo hiyo, aliyetumia dakika arobaini kuuliza kwa uso mzito kuhusu taabu za Geela, anatazama dari.

"Vua," anasema Geela.

Samaki wanne, nusu wameyeyuka, wanatua mezani. Kilo kumi na mbili. Mzigo hulipiwa kwa kilo, mwili haulipiwi.

"Ni wa shangazi yangu wa Nuvuttaq," mwandishi anajitetea.

"Ndiyo mnayofundishwa huko bweni? Shangazi yako nitamweleza mwenyewe nikifika."

Samaki wanabaki mezani, na hesabu sasa inamtosha Geela. Injini inanguruma. Geela anafunga koti, anagusa mfuko. "Naomba tu vimtoshe," anasema. Kisha anasita, anafungua daftari, anarudisha kurasa.

"Tarehe tisa Oktoba nilijishusha kwa kilo tisa. Nawe ulikuwemo, mzito kuliko kawaida yako. Siku ile ulikuwa umenenepa?"

Mwandishi anajibu hapa: hakuwa amenenepa. Walikuwa samaki watatu, na siku ile jozi ya pili ilikuwa bado inamtosha mtoto.