Bawaba Niliyoichomelea: Kutoka Goma Hadi Idjwi na Kurudi

Niliondoka Goma kwa sababu ya simu moja. Ilikuwa Jumatatu, nikiwa katika karakana yangu ya kuchomelea vyuma pale Mabanga, Kapiteni Bahati aliponipigia kutoka kisiwa cha Idjwi. Mlango wa ubavuni wa boti yake, ule unaopitiwa na abiria, ulikuwa umefunguka katikati ya ziwa. Mama mmoja aliyeuegemea nusura atumbukie majini. Watu wawili walimdaka kwa kitenge wakamvuta ndani, mkono wake ukateguka. Sasa abiria walikataa kuipanda boti hiyo mpaka apatikane mtu wa kuwajibu.

"Papa Sefu, ile milango si njo wewe ulichomelea?" aliniuliza.

Ndiyo, nilikuwa nimeichomelea yote minne, miezi michache tu nyuma.

Jumanne, saa moja asubuhi, nilifika bandarini na mfuko wa vifaa begani. Mke wangu Zainabu alikuwa ameniambia nyumbani, "Enda uone kwanza. Usiende na jibu mukononi." Lakini mwenye boti ya Kapiteni Bahati, aliyenipa nafasi katika boti yake ya pili, alikuwa na jibu tayari. Alinivuta pembeni.

"Sema ni mawimbi. Ziwa lilikuwa mubaya siku ile. Batu batasikia tu."

Nikapanda boti. Kusema kweli, jibu hilo lilinifaa na mimi.

Njiani ziwa lilikuwa limetulia, na nyuma yetu volkeno ya Nyiragongo ilionekana wazi na moshi wake mwembamba. Siku nyingine ningefurahia. Siku hiyo macho yangu yalibaki kwenye milango. Mzee mmoja alikuwa amelalia mmojawapo, kichwa kimeegemea chuma, anakoroma. Mama aliyembeba mtoto alijiegemeza kwenye mwingine. Hakuna aliyeuliza nani aliichomelea. Niliona haya, ingawa milango ya boti ile haikuwa kazi yangu.

Saa tano tulifika Idjwi. Kapiteni Bahati alinipokea gatini, akanipeleka moja kwa moja kwenye boti yake. Nilipiga magoti, nikakwangua rangi kwenye bawaba ya chini. Upande wa mbele ulikuwa umechomelewa vizuri. Nyuma palikuwa na vidoa viwili tu vya kuchomelea, vya kushikilia kwa muda, na vyote vimekatika.

Nikakumbuka. Siku ile umeme ulikatika Mabanga kabla sijamaliza upande wa nyuma. Nikasema nitamaliza kesho. Kesho yake nilianza kupaka rangi, na rangi ikanifunika hata mimi mwenyewe macho.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mbele yao alisimama Mama Nsimire, yule muuza mananasi aliyenusurika majini, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kapiteni akaninong'oneza, "Tuseme mawimbi, vile mwenye boti anataka?"

Nilisimama. "Kosa ni langu," nikasema. "Sikumaliza kazi, nikapaka rangi juu yake. Mama, nisamehe."

Nilingoja matusi. Mama Nsimire akaniangalia, akauliza, "Na ile milango ingine tatu?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza.

Mchana ule nilikwangua rangi kwenye kila bawaba. Milango miwili ilikuwa salama. Wa mwisho, ulio karibu na benchi wanapokaa akina mama wenye watoto, ulikuwa na kasoro ileile, na ufa ulikwishaanza. Mwenye mashine ya kusaga mahindi alituazima jenereta. Nilichomelea huo na ule uliofunguka, pande zote mbili, nikaacha bila rangi ili kila mtu aone. Kapiteni aliupiga kila mlango teke mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Jioni, Mama Nsimire alinikaribisha kwake, mlimani kati ya migomba. Binti yake alisonga bugali, tukala na sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Nilikuwa na hasira na wewe kabla ya kukuona," aliniambia. "Nilifikiri batatuma mutu wa kusema maneno tu."

"Nilikuwa karibu kusema maneno tu, mama."

Akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu.

Jumatano asubuhi abiria walijaa gatini, lakini hakuna aliyepanda. Mama Nsimire, na mananasi yake, akanionyesha mlango uliofunguka. "Papa Sefu apande wa kwanza. Aikale pale, mugongo kwa mulango, mpaka Goma."

Nikapanda, nikaegemea. Wakanifuata mmoja mmoja. Katikati ya ziwa upepo ulivuma, boti ikayumba, na uzito wangu wote ukaangukia chuma. Bawaba hazikulia. Mama Nsimire alikuwa akinitazama tu. Kisha akaja, akaketi kando yangu, akaegemea na yeye, akanikatia kipande cha nanasi.

Saa nane tulitia nanga Goma. Mwenye boti alikuwa anangoja, uso umekunjamana; habari zilikwishamfikia.

"Ulisema?"

"Nilisema. Na mulango wa pili ulikuwa karibu kukatika. Batoto banakaaka pale."

Aliwatazama abiria wakishuka, wakimsalimu Kapiteni, wengine wakiuliza boti inarudi saa ngapi. Halafu akaniuliza taratibu, "Na hii boti ingine, ile ulienda nayo jana, ulishaiangalia?"

"Hapana. Nitakuja kesho, kabla ya mutu kupanda."

Nimejifunza kwamba kukiri hakukunipotezea kazi wala heshima, ingawa njia nzima nilikuwa na hakika kwamba nitapoteza vyote viwili. Nimejifunza pia kwamba kama ningesema mawimbi, hakuna ambaye angekwangua rangi kwenye ule mlango wa mwisho. Nilitembea kwa miguu mpaka Mabanga, nikiwa na njaa na moyo mweupe. Zainabu aliponiuliza ni nini kilichofungua mlango, nilimjibu neno moja: mimi.