Uzi wa Ng'ombe wa Mahari

Nimechoka. Miaka yote hii ya kuingiza mkono ndani ya ng'ombe wa watu imelimaliza bega langu la kulia, na bado kila asubuhi napanda pikipiki kutoka Nengo kwenda Kanzenze, kuwapa ng'ombe mimba kwa mrija. Mume wangu hunitania kwamba mimi ndiye dume pekee wilayani mwenye kitambulisho cha kazi. Zamani nilicheka.

Ng'ombe ninayemkumbuka zaidi alikuwa wa mama mmoja mjane, aliyerudi kutoka Kongo. Tulizungumza Kiswahili, yeye chake cha huko, mimi changu cha Karagwe nilikokulia, na kila mmoja alimwona mwenzake anaharibu lugha. Ng'ombe mwenyewe alitolewa mahari ya binti yake wa pekee. Sasa huku kwetu mambo hayaishii kwenye kupokea. Ng'ombe wa mahari akizaa, wazazi wa binti wanatakiwa kuwapelekea wanandoa ng'ombe wa uzao ule, tunamwita indongoranyo. Na huyu alikuwa hazai. Hakuonyesha hata dalili ya kutaka dume. Wakwe walikuwa wameanza kuuliza, kwanza kwa kucheka, halafu bila kucheka.

Nikamwekea kile kifaa cha plastiki chenye umbo la T. Hukaa ukeni wiki nzima kikitoa homoni kidogo kidogo, mwili ukatulia kana kwamba kuna mimba. Ukikivuta, mwili unazinduka, na baada ya siku mbili tatu ng'ombe anapata joto. Nje huning'inia uzi mgumu wa kukivutia. Nilimwambia mama asiuguse. Akaitikia yego, yego, ndiyo za Kinyarwanda, kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyetaka kuondoka.

Wiki ilipokwisha nikarudi, nimelowa matope mpaka magotini. Nikainua mkia. Uzi haupo.

"Ile kitu ilianguka, dogiteri," mama alisema. "Mi nilitafuta mu nyasi, sikuiona."

Nilitaka sana kumwamini, kwa sababu kumwamini kungenirudisha mpaka mkahawani pale Mahoko nikanywe chai ya moto. Na kweli vifaa hivi huanguka. Lakini mama alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa, wala hakunitazama. Nikavaa glavu huku nikilaani kimoyomoyo, nikaingiza mkono. Kilikuwa humo humo. Uzi ulikuwa umekatwa kwa kisu, safi kabisa.

Nikafoka. Nilimwambia kama ningeondoka, kifaa kingebaki humo, joto lisingekuja, na ng'ombe angeambulia kidonda tu. Nilimwuliza kama ananiona mimi sina kazi. Maneno mengine siwezi kuyaandika.

Mama akaketi juu ya jiwe, ufagio mapajani.

"Familia ya bwana ya binti yangu ilikuya kuona ngombe," alisema. "We, wakute kamba inatoka nyuma ya ngombe ya mahari? Watasema tumeiharibu. Watasema na binti yangu njo vile vile, hazai mupaka dogiteri."

Sikuwa nimejua kwamba binti ameolewa miaka kadhaa na hana mtoto. Hasira ikaniishia ghafla, nikabaki na uchovu peke yake. Nilipapasa ndani vidole vikiteleza, bega likiniwaka, mpaka kile kifaa kikatoka. Nikampiga ng'ombe sindano ya kuleta joto. Siku mbili baadaye mama alinipigia simu akipiga kelele kwamba ng'ombe analia, hali majani, anamrukia ndama wa jirani. Nikaenda nikampandikiza mbegu. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika mkia, akimbembeleza ng'ombe kwa Kinyarwanda, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Mvua zilipokatika nikarudi kupima. Niliingiza mkono na kukiona kwa vidole kile ninachokitafuta maisha yangu yote, kifuko kigumu kidogo kilichojaa maji. Sikuweza kujizuia. Nilipiga kelele kama vile mimba ni yangu.

"Iko na mimba?" mama aliuliza.

"Anayo, mama! Anayo!"

"Bon, sawa," alisema, akageuka kuitazama nyumba.

Binti yake alikuwa anakuja na mzigo wa majani kichwani, amevaa kitenge cha mama yake. Wakwe walikuwa wamemrudisha wiki ile, kwa sababu hazai. Mama alinieleza kwa maneno machache, na mimi mkono wangu ulikuwa bado ndani ya ng'ombe. Niliona aibu kwa furaha yangu. Nilitamani angalau nisingekuwa nimepiga kelele.

"Sasa mutoto wa ii ngombe," mama alisema, "nitamupeleka kwa nani?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Nilitoa mkono polepole, nikaanza kuvua glavu. Binti akatua mzigo, akaufungua, akaanza kumwekea ng'ombe majani. Alifanya hivyo bila haraka.

"Haendi kwa mutu, mama," alisema. "Ni wa kwangu. Ile mahari ilikuwa ya kwangu."

Mama aliinama, akaokota majani yaliyodondoka. Kisha akamwambia binti amwongezee ng'ombe majani.