Wavu wa Yatima Huanikwa Wapi

Juma hili, katika ofisi ya mwanasheria hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, nilikoitwa kushuhudia wosia, masikio yangu hayakupumzika. Mbele yangu aliketi mvuvi mzee, mgonjwa, pamoja na mdogo wake. Mzee alitaka kumwachia huyo mdogo mtumbwi na nyavu, avitunze kwa ajili ya binti zake mpaka wakue.

"Andika avue kwenye anapenda, Mununga ao Mofwe," mzee alisema. Mwanasheria, binti kijana aliyekulia Lubumbashi, akaandika.

"Andika pia batoto basimuulize kitu. Ni ndugu yangu wa tumbo moja."

Kalamu ikasimama. "Hapana, muzee. Pa kuvua unachagua weye. Ukinyamaza, sheria itachagua. Lakini yeye kujibu kwa batoto bakimuuliza, ile hata weye hauwezi kuifuta. Ukiifuta, umemupa yeye vyote, na batoto habana kitu."

Mzee akaguna kama ametukanwa.

Nami nikakumbuka ufuo huu wa utoto wetu sisi wazee. Aliyetunza wavu wa yatima alivua atakapo, lakini asubuhi aliuanika mbele ya nyumba ya hao yatima, siyo kwake. Watoto waliona kila tundu kabla ya chai, na hakuna aliyeona ametukanwa. Siku hizi nyavu zinaanikwa nyuma ya ua wa mabati.

Yule mdogo akamgusa kaka yake goti. "Yaya, mukubwa wangu, acha aandike. Mi nitaanika kwao."

"Kuanika nini?" mwanasheria akauliza.

Tukacheka sisi watatu wenye mvi. Mzee ndiye aliyefuta macho.