Salamu za Kupandia Mlima

Mtaani kwetu, juu ya Kibirizi, najulikana kwa kukaa nyumbani. Nikionekana soko la dagaa, watu huuliza kama kuna msiba. Basi mwaka huu nilipoanza kusimama njiani na kusalimia kila mtu mpaka kuku wake, wakasema uzee umenipa adabu.

Kumbe ni kifua. Nikipanda mlima kinabana kama nimevaa shati la mtoto, nikisimama, kinaachia. Na mtu mzima hawezi kusimama tu kama nguzo ya umeme. Salamu zetu Waha ni ndefu, zinatosha kupumulia. "Mwakeye!" Tunaulizana mke, watoto, mihogo, mvua; tukifika kwenye mbuzi, nimeshapata nafuu.

Nilikwenda hospitali kimyakimya, daktari akanieleza. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hunywea na kuisukuma tena. Hapo, moyo ukiwa umelegea, ndipo nao unapata damu yake wenyewe. Mshipa wangu umekakamaa. Moyo unasukuma kwa shida, na ukilegea unapata kidogo. Mlimani mapigo yanakimbizana, hata huo muda wa moyo kulegea na kula unapungua. Akaniambia nirudi kwa kipimo, nije na mtu wa nyumbani. Sikurudi. Nilichoka kabla ya kuanza, na mtu wa nyumbani ni mke wangu, asiyejua kunong'ona.

Jumamosi tulikuwa tunatoka naye sokoni, yeye kabeba kapu la dagaa, mimi mwavuli. Jua kali, njia tupu. Kifua kikabana. Nikatafuta wa kumsalimia, hakuna. Nikasimama mbele ya duka lililofungwa.

"Hodi humu! Habari za tangu juzi?"

"Baba, unaongea na kufuli?"

"Namsalimia mwenye duka."

"Si tumemwacha sokoni? Umemsalimia mpaka kakukimbia."

Nikacheka. Kicheko kikakatika katikati. Akaweka kapu chini, akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu nipate adabu."

Hakucheka. Nikakaa kwenye kizingiti cha watu, jasho likinitoka, nikamwambia yote. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

Akaingia katikati ya njia. Kisha akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita.

"Hospitali," alimwambia dereva.

"Tupitie nyumbani kwanza, nibadilishe shati."

"Shati ndilo linalouma?"

Akapanda nyuma yangu, kapu mkono mmoja. Ule mwingine akaupitisha kifuani kwangu, akaubakiza hapo.