Mgeni Aliyependa Besi Yangu

Kama unatafuta hadithi ya kutungwa, nenda kwa mtu mwingine, hapa Meru wako wengi. Mimi nakueleza kitu nilichokiona kwa macho haya mawili, mchana, nikiwa nimekunywa chai tu. Naanza na hiyo chai kwa sababu kila nikisimulia lazima mtu aniulize kama nilikuwa nimelewa, ama kama shavu lilikuwa na miraa. Hapana. Chai, na mandazi ya dada yangu Karimi. Huyo Karimi bado yuko, anakaa hapo chini ya barabara, nenda umuulize. Ila ukimpa kikombe usimwekee kwenye mkono wake wa kulia. Nitafika hapo.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipata bei nzuri, mpaka watu wa huku wakanunua vitu hata hawajui kuvitumia. Jirani yetu alinunua pasi ya stima, na stima hatukuwa nayo. Bwana mmoja wa Nkubu, Mutwiri, yeye akanunua vyombo vya muziki. Gitaa za umeme, ngoma za kizungu, spika kubwa kama kabati, na jenereta ya kuviwasha vyote. Nyuma ya baa yake kulikuwa na ukumbi wa mabati. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani, wakila, wakibadilisha viatu, walikuja kucheza hapo mpaka jioni. Tuliita bugi.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini vidole vyangu vilikuwa vimesoma. Mutwiri akanipa besi. Besi ni gitaa lile la nyuzi nne nene. Watu wengi hawajui hata iko. Wanasikia mwimbaji, wanasikia solo inalia juu, wanafikiri huo ndio muziki. Lakini besi ikinyamaza, wote wanasimama wanaangaliana, hawajui ni nini kimetoka ndani ya nyumba. Niamini. Besi huisikii kwa masikio, unaisikia kwa tumbo.

Nyuzi zake zilikuwa haba sana. Zikichakaa zinakuwa na sauti ya kamba ya ng'ombe. Dawa yake ni kuzichemsha. Unazitoa, unazitumbukiza kwa maji ya moto, uchafu unatoka, zinalia tena kama mpya. Na sufuria ya kuchemshia nilikuwa naiba kwa Karimi, ile ya chai ya kuuza pale mlangoni kwa bugi. Alinitukana kila wiki. "Watu wa Nkubu wanakunywa kutu yako," alikuwa ananiambia, "siku moja mtu atakufa na watasema ni mimi." Hakuna aliyekufa. Wengine walisema ile chai ina nguvu.

Sasa, akaja Njeru. Huyu alitoka Manyatta kule Embu, na shati la kola ndefu, na vidole ambavyo vilikimbia kwenye besi kama panya juu ya dari. Alikuwa anajua, siwezi kudanganya. Mahali mimi napiga mara moja yeye anapiga mara kumi na mbili, anapanda juu, anashuka, anainamisha kichwa nyuma na kufunga macho. Vijana walipiga mbinja. Mimi mtindo wangu ulikuwa mmoja tu. Nachukua mwendo, naushika, nazunguka nao hapo hapo mpaka wimbo uishe. Sichori maua.

"Wewe unapiga besi kama mtu anapigilia kigingi," Njeru aliniambia mbele ya watu. "Du, du-du, du. Mtu anaweza kufunga mbuzi hapo."

"Na mbuzi wangu hapotei," nikamwambia. "Wewe unapiga kama kuku ameingia stoo ya mahindi."

Watu wakagawanyika, haki ya Mungu. Mpaka kwa kinyozi walibishana. Wengine walisema Njeru ndiye fundi, mimi ni mvivu. Wengine walisema ukicheza na besi ya Njeru unavunjika kifundo cha mguu. Mutwiri alichoka, akasema mimi nipige nusu ya kwanza ya bugi na Njeru apige nusu ya pili, tuone wachezaji wanapenda nani.

Ndipo huyo mgeni akatokea.

Nikuambie alivyokuwa. Koti jeusi, safi. Kofia, lakini hakuivaa kuelekea mbele kama sisi, aliisukuma nyuma, imefunika kisogo chote mpaka kwenye kola. Uso mzuri. Uso mzuri sana, lakini ukigeuka upande huwezi kuukumbuka. Mpaka leo nikijaribu kuuona naona kofia tu.

Na alivyocheza! Watu hucheza ule wimbo, si ndiyo? Yeye hakucheza wimbo. Alicheza besi yangu. Mahali kidole changu kinagusa, mguu wake unagusa. Sio baada yake. Pamoja. Na hakutoa jasho. Halafu Njeru akipokea gitaa, huyo mtu anatoka nje polepole, anasimama kando ya ua wa miiba, ile kayaba, mikono chini, hafanyi kitu, mpaka Jumapili ingine mimi nianze.

Unafikiri niliogopa? Nilifurahi kama mtoto. Nilitembea Nkubu yote nikisema, "Mmemwona yule? Yule ndiye anajua muziki. Madoido yakianza anatoka." Nilimwambia Karimi hivyo zaidi ya mara moja, akiwa anakanda unga. Na Karimi akaanza kumwangalia. Akacheza naye. Jumapili ya kwanza, ya pili, na kuendelea.

Kisha Jumapili moja, ukungu ulishuka mapema, ule wa kutoka mlimani ambao unafanya saa nane ionekane kama saa kumi na mbili, nikamkuta Karimi anafunga kiondo chake. Amevaa gauni ya Krismasi. Chai amemwachia mama mwingine.

"Unaenda wapi?"

"Amesema nikaone watu wao. Huko chini."

Sisi wa juu tukisema huko chini tunaonyesha na mkono tu, kule kwenye joto, na mkono huo unaonyesha nchi kubwa sana.

"Huko chini wapi?"

"Nitajua nikifika. Tutaenda wimbo wako wa kwanza ukiisha, ndivyo alisema."

"Usiende, Karimi. Hatumjui."

Akaniangalia, akacheka. "Wewe ndiye ulimsifu mpaka ukamaliza maneno. Leo amekosa nini? Ama unataka acheze na wewe?"

Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hivyo kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Kwetu kuna swali moja unaanza nalo kabla mtu hajamgusa dada yako. Unamuuliza mwiriga, yaani ukoo wake. Nikaenda pale kwenye kayaba.

"Muga, baite," nikamsalimia kwa Kimeru, kama unavyomsalimia mwenzako.

"Muga, baite."

"Wewe ni wa mwiriga gani?"

"Nyinyi je?"

Nikamwambia wetu.

"Basi hata mimi ni wa huo huo," akasema, akitabasamu.

Nilitabasamu pia, ujinga huo. Nilikuwa nimegeuka kurudi ndani ndipo maneno yakaniingia. Mtu wa mwiriga wangu ni ndugu wa Karimi pia. Hawezi kumposa. Hilo jambo halifundishwi shule, mtoto wa Meru analijua kabla hajaota meno ya pili. Ni mtu gani mzima halijui?

Njeru alikuwa mlangoni anakula mandazi. Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Mimi aliniambia ni wa kwetu Embu," akasema. "Nilimtajia ukoo wangu, akasema hata yeye ni wa huo."

Tukaangaliana. Marehemu nyanya yangu alikuwa akitusimulia habari za irimu, lile zimwi linalokuja ngomani likiwa kijana mzuri na kuondoka na msichana, nanyi mnajua huwa lina nini kisogoni. Mambo ya kutishia watoto walale. Sikuyataja. Ungeyataja wewe, mtu mzima, mbele ya Mwembu aliyekuita kigingi?

Mutwiri akapiga kelele stejini. "Besi! Watu wanangoja!"

Nikapanda. Tukaanza. Mgeni akaingia, akamchukua Karimi, na mkono wa Karimi ukaenda shingoni kwake, kama wanawake wanavyoshika wakicheza polepole. Wakawa wanazunguka. Na hapo nikaona kitu ambacho Jumapili zote sikukiona kwa sababu ya kujifurahia. Kila mzunguko uliwapeleka karibu na mlango. Nje ya mlango ni ukungu mtupu, hata kayaba haionekani.

Nikajaribu kupotosha pigo moja. Mguu wake ukapotea, kidogo, kama ng'ombe ameteleza. Nikarudi kwenye mwendo, naye akarudi. Ndio nikaelewa. Hakuwa na mwendo wake. Hakuwa na ukoo wake wala maneno yake. Alikuwa anaokota ya kwangu. Mimi ndiye nilikuwa ninamtembeza, na nilikuwa ninampeleka mlangoni na dada yangu mkononi.

Utaniambia, si ungeacha kupiga? Nikiacha, wimbo umeisha, na wimbo ukiisha wanaenda, ndivyo alivyomwambia. Utaniambia, si ungechanganya wewe mwenyewe? Nilijaribu. Vidole vyangu ni kama fahali wa kulima, amezoea mtaro mmoja. Kila nikitoka, vinarudi.

"Njeru!" nikaita. "Kuja uharibu!"

Akaja mbio, lakini akipita bado alikuwa na mdomo. "Leo ndio unaniita?"

"Haribu, baite! Mwaga yote uliyo nayo!"

Hapakuwa na nafasi ya kuvua mkanda wa gitaa. Alisimama nyuma yangu, akapitisha mikono chini ya kwapa zangu, mkono mmoja kwenye shingo ya gitaa, mwingine kwenye nyuzi, mimi nikatoa vidole vyangu kimoja kimoja. Na akamwaga. Sijawahi kusikia besi kama ile. Ilipanda, ikavunjika, ikarudi nyuma, ikaruka pengo, hakuna kitu kilichokuja mara mbili. Mutwiri alikuwa anatutukana kwa Kimeru. Wachezaji wakacheka, wakakanyagana.

Mgeni akasimama. Si kusimama kama mtu. Alisimama kama koti lililotundikwa. Mguu mmoja ulikuwa juu na haukujua pa kushuka. Halafu akainama mbele, kofia ikaanguka, na mimi nilikuwa juu ya steji, naona vizuri kuliko wote.

Kisogoni kulikuwa na mdomo.

Haukuwa na damu wala meno marefu, usiongeze chumvi ukienda kusimulia. Mdomo wa kawaida, umekaa mahali ambapo haukai. Ulikuwa unatafuna polepole, kama mtu wa Kianjai na kitita chake cha miraa cha jioni, na ulikuwa unatafuna kwa mwendo wangu. Du, du-du, du. Njeru alikuwa ameshaufuta kwenye spika, lakini ule mdomo ulikuwa bado umeushika. Na mkono wa kulia wa Karimi ulikuwa juu yake.

Karimi hakupiga kelele. Aliuondoa mkono taratibu, jinsi unavyouondoa kwa mbwa usiyemjua, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa steji. Mgeni akaokota kofia yake. Akatoka. Wengine wote waliona mlevi aliyeteleza, na mmoja akasema, "Si nilisema besi ya Njeru inavunja watu miguu?" Lakini mimi na Karimi tulisikia hatua zake kwenye ukungu, zikipita kati ya miti ya kahawa. Zilikuwa hatua zangu.

Hakurudi.

Karimi aliolewa baadaye na fundi wa cherehani, mtu mwenye ukoo unaojulikana mpaka kwa babu wa babu, na amezeeka vizuri. Lakini kiganja kile hakishiki kitu cha moto. Anasema akishika kikombe kwa mkono wa kulia, ule mvuke unampumulia. Hata uji wa wajukuu anaukoroga kwa kushoto.

Na Njeru? Bado tunabishana, kwa simu siku hizi. Anasema siku ile madoido yalishinda. Mimi namwambia irimu halikuja kwa besi yake hata siku moja, kwa sababu hata irimu linajua muziki ni upi. Tunacheka. Lakini akikata simu nakaa nikifikiri. Ule mwendo wangu ulikuwa mzuri mpaka kitu kisicho na roho kiliweza kutembea nao. Hiyo ni sifa ama ni nini? Wewe niambie.

Wananiita bado kupiga kanisani, na vijana wa kwaya wanashangaa kwa nini mzee anayeshika mwendo vizuri hivyo, katikati ya kila wimbo, anauvunja mara moja, vibaya, halafu anarudi. Wanafikiri ni uzee. Sijawaambia. Nikiuvunja huwa sitazami nyuzi, ninatazama miguu ya watu.

Kwa hivyo wewe unayejifunza besi, shika mwendo. Madoido ni ya kupigiwa mbinja tu, watu huchezea mwendo. Lakini uuvunje mara moja, na ukiuvunja uangalie chini. Na ukitembea peke yako wakati wa ukungu, hapo kati ya miti ya kahawa, ukasikia mtu nyuma yako ananguruma polepole, du, du-du, du, usiitikie kwa mguu. Kosea hatua makusudi. Uende ukichechemea mpaka nyumbani, hata kama watoto wanakucheka.